Mawe Yasiyomngoja Mtendaji

Mhadhara wa wazi kuhusu mvua ya mawe katika miinuko ya Kasulu na Kibondo



Naomba tuanze na kisu. Siku mvua ya mawe ikipiga, subiri ikatike, kisha mtume mtoto akuokotee jiwe moja kubwa kabla halijawa maji. Chukua kisu cha jikoni, kipitishe juu ya moto kidogo, ulipasue katikati. Ndani utakuta pete, kama kitunguu: moja nyeupe kama maziwa, inayofuata angavu kama kioo, halafu nyeupe tena. Zihesabu upesi, kwa sababu kiganja chako ni jiko. Nilipoonyesha jambo hili darasani, kijana mmoja aliuliza, "Mwalimu, hiyo ndiyo miaka yake?" Alikuwa anafikiria gogo la mti. Wenzake walimcheka, lakini alikuwa karibu na ukweli kuliko wao. Pete zile ni umri kweli, ila ni umri wa dakika.

Jiwe lile lilianza kama punje ya barafu juu sana, mahali ambapo matone ya maji yamepoa chini ya nyuzi sifuri na bado hayajaganda. Matone ya namna hiyo yanangoja kitu cha kugusa tu. Yakigusa punje yanaganda palepale. Yakiganda ghafla, hewa inanaswa ndani, pete inakuwa nyeupe. Maji yakiwa mengi na kuganda kukawa kwa taratibu, hewa inapata nafasi ya kutoka, pete inakuwa angavu. Wakati wote huo kuna upepo unaopanda ndani ya wingu, unalibeba jiwe lisianguke. Upepo ukiwa na nguvu jiwe linanenepa. Likizidi uzito wa kubebeka, au upepo ukichoka, linashuka. Lenye ukubwa wa yai la kuku linafika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 100 kwa saa, yaani mwendo wa basi lililopata lami nzuri.

Sasa, kwa nini sisi? Kijana wa Kigoma mjini, pale bandarini, anaishi mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari. Hapa Kasulu tumepanda hadi 1,300 hivi, Kibondo ni karibu 1,500, na vilima vya kuelekea Manyovu vinatupita. Katika ukanda wetu wa dunia, mstari ambao juu yake hewa ni baridi ya kugandisha uko kati ya mita 4,500 na 5,000. Ndiyo maana Kilimanjaro, wenye mita 5,895, una barafu na safu zetu hazina. Piga hesabu mwenyewe. Jiwe linaloanguka Dar es Salaam lina zaidi ya kilomita nne za hewa ya joto ya kupita. Linaloanguka Kibondo lina kilomita tatu na ushei. Hiyo kilomita moja na nusu ndiyo tofauti kati ya tone kubwa la maji na kitu kinachotoboa jani la mgomba. Mtu wa pwani anaweza kuzeeka bila kuliona jiwe hata moja.

Kuna na ziwa. Mchana jua linachemsha miinuko, hewa inapanda, na Tanganyika inaleta unyevu wake kwenye ngazi za Bonde la Ufa. Hewa nyingine yenye unyevu inatoka mbali zaidi, msitu wa Kongo. Ndiyo maana mara nyingi wingu letu baya ni la saa nane au saa tisa mchana, wakati watoto wanatoka shule na maharage yametandazwa uani.

Mtoto wa wingu hilohilo ni radi. Nchi nzima inatutania watu wa Kigoma kwamba radi tunazitembeza mfukoni, na sisi wenyewe, tuseme kweli, hatuchukii sana kuogopwa. Ila radi na mawe vinatoka chungu kimoja. Punje nzito za barafu zinapogongana na vipande vyepesi vya barafu ndani ya wingu, ndipo umeme unapojikusanya. Mwaka 2016 wanasayansi waliochambua vipimo vya setilaiti walitaja mahali Afrika inapopigwa na radi kuliko kwingine kote: Kabare, Kivu, kaskazini mwa ziwa letu, mipigo 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Hakuna mganga anayeweza kuagiza mzigo wa namna hiyo. Januari 27, 2025, jirani zetu wa Bukombe walipoteza wanafunzi saba wa sekondari waliopigwa na radi wakiwa shuleni. Wingu likinguruma, swali si nani kalituma. Swali ni watoto wako wapi.

Kuhusu majira, nina jambo dogo ambalo huwa linanichekesha. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, inapotoa utabiri wa vuli na masika, Kibondo na Kakonko zinawekwa kapu moja na ukanda wa Ziwa Victoria, pamoja na Kagera na Geita. Kasulu inabaki kapu la magharibi, la mvua za msimu, kuanzia Novemba hadi Aprili. Kwa hiyo ndugu wawili, mmoja kaolewa Kibondo na mwingine kabaki Kasulu, wanasikiliza redio moja na kila mmoja anangoja taarifa yake. Mawe hayaheshimu makapu hayo. Yanapenda vipindi viwili: mvua zinapoanza na mvua zinapokaribia kuisha. Jua linapita utosini mwetu mwanzoni mwa Oktoba na tena katika wiki ya pili ya Machi, na ardhi inapochemka namna hiyo wingu linapanda juu kuliko kawaida yake.

Machi. Hapo ndipo nataka tukae.

Usiku wa Machi 3, 2015, mvua ya mawe ilipiga kata ya Mwakata, Msalala, wilayani Kahama. Si mbali. Basi la kwenda Kahama tunalipanda hapahapa, tunapita Kibondo, Kakonko, Nyakanazi, na jioni tuko kule. Watu zaidi ya 40 walikufa, wengine zaidi ya 80 wakajeruhiwa, na maelfu wakabaki bila mahali pa kulala. Rais Jakaya Kikwete alifika kuwapa pole mwezi uleule. Magazeti yaliandika kwa herufi kubwa, "mvua ya mawe yaua", na nchi ikaelewa kwamba barafu iliwapiga watu vichwani.

Soma tena taarifa za siku zile polepole. Wengi waliangukiwa na kuta. Ilikuwa usiku, watu wamelala ndani, nyumba za matofali ya udongo. Upepo uliondoa mabati, maji na barafu vikaingia, tofali likarudi kuwa tope, na ukuta ukalala juu ya waliolala. Jiwe lilikuwa mwanzo wa kesi. Mwuaji alikuwa ukuta.

Nalisisitiza hili kwa sababu kuna mahali duniani ambapo jiwe lenyewe liliua. Moradabad, India, Aprili 30, 1888, watu 246. Gopalganj, Bangladesh, Aprili 14, 1986, watu 92, na huko ndiko kulikopimwa jiwe zito kuliko yote yaliyoandikwa, kilo moja na kidogo. Kilo! Mfuko wa sukari unaoanguka kutoka mbinguni. Dhidi ya jiwe kama hilo hakuna ushauri wa maana zaidi ya kukimbilia chini ya kitu kigumu. Dhidi ya ukuta, ushauri upo, na fundi wa mtaani kwako anaujua, ila hujamlipa aufanye.

Twende basi kwa fundi. Nyumba nyingi zinazoota kandokando ya barabara yetu ya lami zinajengwa kwa matofali mabichi, zikapigwa lipu ya saruji upande wa barabarani na kuachwa udongo mtupu upande wa uani. Paa ni bati la geji 32, jepesi, linalolia kama ngoma. Kenchi zimekalishwa juu ya ukuta bila kufungwa, maana linta haikupigwa. Pesa iliishia kwenye madirisha. Upenu ni mfupi, kwa sababu bati ni ghali na upenu mrefu unaonekana ushamba. Sasa lete wingu la Machi. Upepo unaotangulia mvua ya mawe ni baridi, unashuka kwa kishindo na kutambaa kila upande. Unaingia chini ya bati, na kenchi ambayo haikufungwa inanyanyuka. Mawe yanayofuata yanajikusanya chini ya ukuta kama chumvi gunia kwa gunia. Hapo mvua inakatika. Watu wanatoka nje, wanacheka, watoto wanakula barafu. Ile barafu ukutani inayeyuka taratibu kwa muda wa saa mbili, tatu, na yote inanywewa na tofali la chini. Nyumba inaanguka watu wakiwa wamesharudi kulala.

Kwa hiyo nikiulizwa nini cha kufanya siku hiyo, nasema: koleo. Ondoa barafu ukutani kabla ya kupiga picha. Usilaze mtu kwenye chumba ambacho ukuta wake wa chini umebadilika rangi. Na siku ya kujenga, kabla ya madirisha ya aluminiamu, funga kenchi kwa waya ulioshuka ndani ya ukuta, piga linta hata nyembamba, choma matofali ya safu za chini, ongeza upenu. Si mambo ya kitabuni. Babu zetu waliishi kwenye msonge, na nyasi za msonge zilishuka hadi karibu na ardhi. Ukuta wa kunyeshewa haukuwapo! Jiwe likipiga nyasi zilizoinama linateleza, na maji yanaishia mbali na mguu wa nyumba. Siwaambii turudi kwenye msonge. Panya na moto nao wana historia yao. Nasema tulipoagana nao tuliacha na akili yake mle ndani.

Na tusiwasahau jirani zetu wa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo na kupokea Warundi wengi tangu 2015, na wale waliopewa hifadhi Nduta. Wapo walioishi chini ya turubai. Mvua ya mawe inayotoboa jani la mgomba inafanya nini kwenye turubai lililokaa juani miaka minne, hilo halihitaji mhadhara.

Tuje shambani, maana najua wengi mlikuja kwa hilo.

Maharage yakipigwa yakiwa kwenye maua, ni msiba. Kahawa ya Manyovu inaangusha maua na punje changa. Tumbaku inatia uchungu wa namna yake: jani lenye tundu bado ni jani, unalikausha, unalipeleka sokoni, na huko linashushwa daraja hadi linakuwa takataka. Mgomba unachanika mpaka unafanana na kitana, lakini huo utapona. Mahindi ndiyo yanayowadanganya watu. Nimeona mkulima anang'oa shamba zima kesho yake asubuhi, kwa hasira. Shina la hindi changa linaficha kichwa chake chini ya udongo mpaka linapofikisha majani kama matano au sita. Mawe yakilikuta katika umri huo yanavunja majani tu. Kichwa kiko salama. Subiri siku tano, saba. Pasua shina moja kwa wembe kuanzia chini. Ukikuta kiini cheupe na kigumu, hindi lako liko hai. Kikiwa cha kahawia na laini, ng'oa. Na muhogo, kama kawaida yake, hauna habari. Bibi aliyechanganya muhogo, maharage na migomba kwenye shamba moja, akaambiwa na bwana shamba kwamba analima ovyo, alikuwa amejikatia bima.

Neno bima tulikaribishe vizuri, lina historia yake kwenye jambo hili hasa. Mwaka 1797, Neubrandenburg, Ujerumani ya leo, wakulima wa Mecklenburg waliunda chama: kila mmoja anachanga, na atakayepigwa na mawe analipwa kutoka kwenye mfuko. Yaani walianzisha upatu wa barafu. Kwetu kampuni za bima ziliungana mwaka 2023 kuunda konsotia ya bima ya kilimo, na wakulima wa tumbaku ni miongoni mwa waliokwisha kuzoea jambo hili. Ila bima inataka ushahidi, na hapo ndipo mambo yanapokwama.

Fikiria. Mawe yamepiga Jumatatu saa tisa, kwa dakika kumi na mbili. Saa kumi na moja barafu imekwisha. Jumanne unakwenda ofisini, mtendaji wa kijiji yuko semina. Anafika Alhamisi, jua linawaka, ardhi imekauka, na mbele yake kuna majani yaliyochanika. Anayatazama kwa muda mrefu. Anauliza, "Hawa siyo mbuzi kweli?" Shamba la jirani, mita 800 kutoka hapo, limesimama kijani kibichi. Mtendaji si mtu mbaya. Njia ya mvua ya mawe mara nyingi ni nyembamba, inaweza kupita kama mtu aliyeburuta mkeka, ikapiga kijiji kimoja na kuruka kingine.

Hata kipimo cha serikali kinapitwa. Kipima mvua kina mdomo mmoja, umekaa mahali pamoja. Njia ya mawe ikipita kilomita tatu pembeni, kitabu kinaandika siku kavu. Na jiwe likiingia humo kwa bahati, linayeyuka, na asubuhi linasomwa kama milimita za mvua. Barafu imekuwa maji, kilio kimekuwa takwimu ya neema.

Ndiyo maana historia yetu ya mvua ya mawe iko vichwani zaidi kuliko kwenye makaratasi. Wazee hawasemi mwaka. Wanasema "ile iliyopiga wakati wa mazishi ya fulani".  Zamani katika Buha, nchi ya Waha, tangu Heru hadi Muhambwe na Buyungu, ukiacha mwami, mtawala mwenye ng'ombe na ngoma, kulikuwa na mteko, mzee wa ardhi, aliyegawa mashamba na kuyafanyia matambiko. Shamba likiharibika, watu walijua mlango wa kugonga.

Msicheke. Mwaka 1896, huko Styria, Austria ya wakati ule, meya mmoja mwenye mizabibu, Albert Stiger, alitengeneza mizinga yenye mdomo kama tarumbeta akaanza kulipiga wingu kwa mshindo. Mwaka huo mawe hayakuanguka kwake, na Ulaya ikashikwa na homa. Ilipofika 1900 Italia peke yake ilikuwa na mizinga kwa maelfu. Serikali zikafanya majaribio rasmi mwaka 1903 na 1904, mawe yakaanguka juu ya mizinga yenyewe, shughuli ikafa. Tofauti ya mteko na Stiger ni kwamba mteko hakuhitaji baruti.

Hapa jirani, Kericho na Nandi, Kenya, mashamba ya chai yanapigwa na mawe zaidi ya siku mia moja kwa mwaka ukihesabu eneo zima, pengine kuliko mahali popote duniani. Miaka ya 1960 walirusha roketi kwenye mawingu, halafu zikaja ndege za kumwaga iodidi ya fedha, ili punje za barafu ziwe nyingi na ndogo badala ya chache na kubwa. Lakini kilichonivutia mimi kule ni utafiti wa Russell Schnell. Alichukua majani ya chai yaliyooza chini ya miche, akagundua kwamba vumbi lake ni mbegu nzuri ya kugandisha matone. Watu wanachuma chai, miguu inatimua vumbi, vumbi linapanda winguni. Huenda shamba lenyewe linachangia mawe yake. Sijawahi kuitazama chai yangu ya asubuhi kwa namna ileile tangu niliposoma hayo.

Nimalizie na kazi ya mikono, kwa walimu hasa.

Sokoni Kigoma kuna maboksi meupe ya povu ya kusafirishia samaki. Mfuniko mmoja unatosha. Uoshe, uufunike kwa foili ya kufungia chakula, uubane na mkanda, uufunge kwa waya juu ya nguzo nje ya ofisi ya mwalimu mkuu. Mawe yakipiga yataacha mashimo, na mashimo hayayeyuki. Kwa rula mwanafunzi wa darasa la tano anaweza kupima upana wa kila shimo na kuyahesabu, na kwa hesabu hiyo akapata ukubwa wa mawe na wingi wake. Ufaransa wana mtandao wa vibao vya namna hii kwa miaka mingi, na si vya kisasa kuliko mfuniko wako. Andika kwenye logi buku ya shule: tarehe, saa ya kuanza, saa ya kukatika, upepo ulitoka wapi, kijiji gani kimepigwa na kipi kimerukwa. Mwenye simu apige picha ya jiwe likiwa pembeni ya kiberiti, kila mtu anajua ukubwa wa kiberiti. Mawe mawili matatu yawekwe kwenye kopo, kopo kwenye friji ya dukani, mpaka mtendaji arudi semina.

Shule kumi kati ya hapa na Kibondo, misimu mitano, na tutaweza kuuchora ule mkeka uliopita wapi. Mifuniko sita nimekuja nayo, iko pale mlangoni karibu na ndoo. Sasa tupokee maswali, na naomba tuanze na wale wa nyuma, kwa sababu mawingu ya upande wa Manyovu yameshakuwa meusi, na bati la ukumbi huu likianza kulia hakuna atakayemsikia mwenzake.